Namba Saba na Doa la Pasi

Pale dobini walimwita Forodha, na jina lenyewe alilipata kwa jasho lake. Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko ya nguo za wateja kabla hazijaingia mashineni, na kwa miaka tisa hapakuwa na kalamu, leso wala barua ya mchumba iliyompita. Alikuwa akilikung'uta koti mara moja tu, anasema, "Huyu amerudia sigara," na kweli unga wa tumbaku unadondoka mezani. Wenzake walikuwa wakivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Aliamini kila mtu ana kitu mfukoni, na asiyeonekana nacho basi amekishonea kwenye pindo.

Jambo moja tu alilifanya bila kumshuku mtu, nalo ni kupiga picha. Alikuwa na simu yenye kamera nzuri, na alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu kama sitini, wapiga picha wa kujifurahisha tu: walimu, wauza duka, nesi wawili, dereva wa gari la taka. Kundi lilisimamiwa na mstaafu mmoja aliyefanya kazi ya eksirei maisha yake yote, na sheria zake zilinuka hospitali. Kila Ijumaa mlimtumia picha zenu yeye peke yake, naye alizipandisha bila majina, kila moja na namba yake. "Nikijua ni ya nani nitaangalia uso wako," alisema Mzee wa Eksirei, "na mimi nataka kuangalia mfupa." Kisha kila mtu alitoa maoni waziwazi, sifa moja na kasoro moja. Majina ya wapiga picha yalitajwa Jumapili, saa nne asubuhi.

Watu wale walikuwa waungwana. Hata walipokukosoa walikukosoa kwa mkono laini. Forodha alimpenda zaidi mmoja aliyejiita Taratibu, ambaye alikuwa na miezi miwili tu kundini. Taratibu aliandika kidogo na alichelewa, lakini alichoandika kilikaa. Chini ya picha ya Forodha ya muuza magazeti aliandika hivi: "Sifa: mwanga umemkalia vizuri. Kasoro: watu wote unawapiga ukiwa umesimama. Chuchumaa, utawaona." Forodha alimjibu asante, nitajaribu. Hakujaribu. Magoti yalimuuma, na isitoshe, hakuona tofauti ingekuwa nini.

Ijumaa hiyo alitoka kazini, akavua viatu, akakaa jikoni na simu yake. Mumewe alikuwa akinawa mafuta ya mashine mikononi, maana alikuwa fundi wa lifti na siku nzima aliishi kwenye mashimo ya majumba ya watu. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake na redio. Wifi, dada mdogo wa mumewe, alikuwa akianua nguo uani. Huyu wifi alikuwa amekimbia ngumi za mumewe, akaja kwa siku mbili tatu. Siku mbili tatu zilikuwa zimetimiza miezi mitatu.

Forodha akapitia picha. Namba moja, machweo, kama kawaida. Namba nne, paka. Namba saba akaisogeza machoni.

Ilikuwa kingo ya dirisha. Juu yake mkono mmoja wa mzee umelala, vidole vimefunguka nusu, vifungo vitatu vya shati kando yake. Nyuma pazia jeupe limepigwa na jua, na kwenye kona ya pazia kulikuwa na doa la pasi, rangi ya chai, umbo kamili la pasi yenyewe.

Doa lile alilijua kama anavyojua kucha zake. Lilikuwa shuka la hoteli lililounguzwa dobini na mwenzake, bosi akamlazimisha yeye kulichukua na kulilipa mbele ya wateja wakimtazama. Alilikata likawa pazia la chumba cha mama mkwe, kona ile akaikunja kwa ndani na kuisukumia nyuma ya kiti ili mgeni asije akaiona. Sasa kona imekunjuliwa, imeanikwa mbele ya watu sitini. Na mkono ule ulikuwa wa mama, wa kushoto, ule uliolegea tangu kiharusi.

Chini yake maoni yalikuwa yamejaa. "Doa hilo ndilo roho ya picha." "Nimeutazama mkono huu mpaka chai imepoa." Mwisho kabisa, Mzee wa Eksirei, ambaye katika miaka miwili hajawahi kumwachia Forodha picha hata moja bila kasoro mbili tatu: "Namba saba. Sina la kurekebisha."

Tuseme ukweli. Forodha alikasirika kwa ajili ya mama, na alikasirika kwa ajili ya pazia, lakini kilichomchoma zaidi ni maneno ya mzee. Akaandika bila kuvuta pumzi: "Sifa hakuna. Kasoro: hii ni picha ya wizi. Aliyeipiga amejiachia kwenye nyumba isiyo yake, akamwanika mgonjwa asiyeweza kujitetea. Tena mkono wa pili kaukata, hata kupiga hajui." Akatuma, jina lake likiwa pale juu, Forodha, bila aibu yoyote.

"Dada yako ametuanika," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, akimwonyesha.

Mume akaitazama picha, mikono ikimdondoka maji. "Ni nzuri."

"Nani amekuuliza kama ni nzuri? Nauliza nani ameipiga. Mimi siku nzima niko dobini. Wewe uko kwenye mashimo yako. Mama ndiyo hivyo, hata kijiko anashikiwa. Amebaki nani?"

"Dada hawezi kufanya hivyo."

"Wiki iliyopita kaniuliza kundi letu mtu anaingiaje. Juzi nimemkuta chumbani kwa mama na simu mkononi, kuniona tu akaificha."

"Basi muulize. Lakini polepole, mama asisikie." Akachukua taulo, akajifuta, na kwa jinsi alivyojifuta ilikuwa dhahiri kwamba kwake yeye suala limekwisha.

Forodha akatoka uani. Wifi alikuwa amebeba nguo mpaka kidevuni, mtandio wake wa bluu umemzunguka shingo kama siku zote.

"Wifi, kuna picha ya chumba cha mama mtandaoni."

Kitu kikapita usoni mwa wifi, na Forodha, ambaye alilipwa kuona vitu vya aina hiyo, akakiona. Kilifanana na tabasamu lililorudishwa ndani haraka.

"Imependwa?" wifi akauliza.

"Nakuuliza nani kaipiga."

"Si mimi."

"Ila unamjua."

"Wifi yangu, subiri Jumapili. Si majina hutajwa Jumapili?"

"Unajuaje mambo ya Jumapili?"

Wifi akainamisha macho kwenye nguo. "Subiri tu," akasema, akapita. Forodha akabaki amesimama chini ya kamba tupu. Usoni pake, huyu mgeni wa siku mbili tatu amemwambia subiri, nyumbani kwake mwenyewe.

Jumamosi mume akampeleka mama kliniki ya mazoezi. Walitoka saa tatu. Saa tatu na robo Forodha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Nipe simu yako."

Wifi akafuta povu la sabuni mikononi, akampa. "Haina namba ya siri," akasema. "Nilizoea kutoiwekea."

Forodha akapekua. Namba saba haikuwemo. Lakini mlikuwa na mama tele: mama dirishani, mama akicheka upande mmoja wa mdomo, mama ameshika kitu kwenye mkono wa kulia ambacho wifi mwenyewe alikuwa amekiziba kwa kidole gumba wakati wa kupiga.

"Hizi nini?"

"Mama yangu."

"Na ile nyingine umeifuta. Sawa." Akaingia chumbani. Wifi akamfuata kwa nyuma, akasimama karibu na kabati, akatazama begi lake likivutwa kutoka chini ya kitanda na kumwagwa juu ya shuka. Magauni mawili. Kitana. Kopo la mafuta ya kujipaka, Forodha akalifungua na kuchungulia. Soksi, akaingiza mkono ndani ya kila moja. Bahasha kubwa ya kahawia, akatoa kilichomo na, kwa mazoea ya kazi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa eksirei. Taya la mtu, meno yamepangana meupe, na chini, upande wa kulia, mstari mwembamba mweusi mahali mfupa ulipoachana.

"Na hiyo," wifi akasema kwa sauti ya chini, "ipe sifa moja na kasoro moja."

Forodha akaishusha. Alitaka kusema samahani, na neno lilifika mpaka mdomoni, lakini likakutana na lingine lililokuwa linatoka. "Ungesema tu ukweli tusingefika huku."

"Nimekwambia si mimi. Nimekwambia subiri."

"Siwezi kusubiri ndani ya nyumba yangu."

Wifi akaanza kurudisha vitu begini. Alivikunja vizuri, kimoja kimoja, hata soksi zilizogeuzwa akazigeuza tena. "Kule, kila jioni alikuwa ananimwagia begi hivi hivi," akasema. "Anaingiza mkono kwenye soksi hivi hivi. Nikasema nitakwenda kwa kaka, nikakae kama mtu." Akafunga zipu. "Kama ni kupekuliwa, bora kwake. Ile mikono nimeshaizoea."

"Sijakufukuza."

"Najua. Umefanya usafi tu."

Akatoka na begi lake. Forodha alisikia geti likifungwa taratibu, bila kubamizwa, na akajiambia kwamba mtu asiye na hatia angelibamiza. Akajiambia hivyo mara mbili. Mama aliporudi na kuuliza mwanangu yuko wapi, akajibu kwamba ameenda kumsalimia rafiki. Mume akamtazama mkewe, akaelewa, akashusha macho, akauliza kama kuna chai. Mama akaingia chumbani kwake, na siku hiyo redio haikusikika.

Jumapili mume aliitwa mapema, watu watatu wamekwama kwenye lifti ghorofa ya saba. Forodha akapika uji, akaupeleka chumbani kwa mama, akakuta kitanda kimetandikwa.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa gauni lake la kwendea kliniki, vifungo vimepishana tundu moja kwa sababu amevifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko nguo na dawa zake. Pazia nyuma yake lilikuwa limekunjuliwa, doa la pasi linaonekana lote.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka mkubwa wa mumeo." Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi. "Nimesoma maoni yako."

"Maoni gani?"

Mama akatoa simu chini ya mto wa kiti kwa mkono wa kulia. Ilikuwa simu ya zamani ya Forodha, ile yenye kioo kilichopasuka, waliyompa ili asikilizie redio. Akaishika kwa mbali, akasoma kwa shida. "Amejiachia kwenye nyumba isiyo yake." Akapumua. "Nilidhani nimezoea. Nilidhani ni yangu kidogo."

Forodha akaliweka bakuli chini. Akautazama mkono wa kushoto uliolala kwenye kingo, na ule wa kulia ulioshika simu, na ndipo ilipomwingia akilini mkono wa pili ulikuwa wapi siku ile. Mtu mwenye mikono miwili tu, na mmoja umelala, simu ya kupigia anaishika kwa upi?

"Mama. Ni wewe."

"Ni mimi. Na Taratibu ni mimi. Ulikuwa unanisomea maoni ya watu wako jioni, unafurahi. Nikamwambia wifi yako, niingize na mimi." Upande mmoja wa mdomo ukacheka, kisha ukaacha. "Nikamwapisha. Asiseme mpaka jina lisomwe. Nilitaka ulisikie kwa yule mzee. Ujue kuna mtu humu ndani."

"Sikujua, mama! Ningejua ni wewe, wallahi nisingeandika."

"Ndiyo. Ungejua ni mimi usingeandika," mama akasema. "Ndiyo maana yule mzee anaficha majina."

Forodha akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, uso ameuziba na aproni, na mama mkwe akamwacha alie kiasi. Kisha akauliza lile ambalo Forodha alikuwa akiliogopa.

"Mwanangu yuko kwa rafiki gani?"

Hapo ikabidi aseme yote: simu, begi, soksi, bahasha. Alisema akiwa amesimama, macho yake kwenye doa la pasi, maana kwingine hakuweza kutazama. Alipomaliza, mama alikuwa ameshaushika ukingo wa kiti na anajiinua.

"Usinililie mimi," akasema. "Niite gari."

Kwa mume wa wifi ilikuwa nyumba ya ghorofa nne, ngazi za saruji, kila korido na ndoo zake. Mama asingeweza kupanda, akabaki ndani ya teksi, mlango wazi, mfuko wake wa nailoni mapajani kwa sababu alikataa kuuacha. Simu ya Forodha ikalia mkobani: saa nne, majina yanatajwa. Hakuitoa.

Alipanda mpaka juu, akabisha. Wifi ndiye aliyefungua. Alikuwa na mtandio ule ule wa bluu, umekazwa zaidi, na kidevu kimezama ndani yake.

"Umesahau kupekua nini?" akauliza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Mama ameniambia."

"Nani huyo?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka ndani, juu ya kelele za mpira kwenye televisheni.

"Watu wa nyumbani."

"Waambie una kazi."

Wifi hakugeuka. "Mama amekasirika?"

"Amefunga vitu vyake. Anasema haingii tena ndani bila wewe. Yuko chini, kwenye gari." Forodha akamsogelea. "Twende, wifi yangu. Usirudi kwa ajili yangu, mimi sistahili. Rudi kwa mama."

Chini barabarani honi ikapigwa, ndefu, ikanyamaza, ikapigwa tena. Ilikuwa rahisi kujua nani amemwamuru dereva.

Wifi akaingia ndani. Mwanamume akasema kitu, kiti kikakwaruza sakafu, Forodha akauweka mguu wake katikati ya mlango na kuita kwa sauti iliyojaa korido nzima, "Shemeji, hujambo? Tumekuja na mama mkwe wako, yuko chini anakusubiri umsalimie!" Milango miwili ya majirani ikafunguka. Kiti kikatulia. Wifi akatoka na begi lile lile, akampita, akatembea mpaka kwenye kona ya ngazi, mbali na mlango. Hapo akasimama, akaliweka begi sakafuni, kati yao wawili, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Pekua."

"Wifi, jamani."

"Pekua hapa hapa. Mbele ya mama sitaki. Nisije nikarudi na kitu chako."

Forodha akatazama juu, akatazama chini. Majirani walikuwa bado milangoni mwao. Magoti yake mabovu yakalia alipoyakunja, akachuchumaa kwenye saruji, akashika mdomo wa begi kwa mikono miwili. Hakuangalia ndani. Alitafuta kichwa cha zipu, na kilipokwama akainua uso ili aseme samahani, ile aliyoimeza jana.

Hajawahi kumtazama wifi yake kutokea huko. Kwa miezi mitatu alimwona akiwa ameinama kwenye beseni, kwenye jiko, kwenye nguo, na siku zote mtandio ulikuwa unatosha. Kutoka chini haukutosha. Chini ya taya, upande wa kulia, pale pale kwenye ule mstari mweusi wa eksirei, palikuwa pamevimba, na shingoni kulikuwa na alama za vidole vinne, bado nyekundu. Alikuwa amelala pale usiku mmoja tu.

Mdomo wa Forodha ukabaki wazi.

"Funga basi," wifi akasema, akivuta mtandio. "Mama anangoja."